Silinda ya Tatu

Shabbir, keti juu ya hilo tairi.
Nataka nikuambie mimi
kabla hujaambiwa na Shimanzi nzima.

Ijumaa gari lako lilitoka hapa likinguruma kwa adabu.
Jumatatu umelileta kwa kamba, nyuma ya kanta ya saruji,
na moshi wa buluu, wasema, ulianzia Makupa.
Kilomita mia mbili na kumi.
Pistoni za kufuliwa, ringi bado zinanukia nta ya karatasi yake,
na mbio za Taru zimebaki wiki mbili.

Nilianza kwa uongo, kama mafundi wote.
Nikasema ni oili ya kufungia, inajichoma, itakwisha.
Nikasema ni sili za valvu.
Nikasema ni tabo, tabo za siku hizi hazina dini.
Mbodze, mwanafunzi wangu, yule binti wa Rabai,
hakubisha. Alikwenda kuchomoa kijiti cha oili
akakuta kimeshajichomoa nusu,
kimesukumwa na pumzi isiyokuwa na ruhusa kule chini.
Akafungua kifuniko, injini ikiwaka, akaweka kiganja.
"Fundi," akasema, "hii ina pumu."

Tukatoa plagi, tukazilaza juu ya gazeti la jana.
Ya kwanza rangi ya biskuti.
Ya pili biskuti.
Ya tatu nyeusi, imelowa, yang'aa kama halua sinia likifunuliwa.
Ya nne hata sikuitazama.

Tukafunga geji. Mbodze akakanyaga mafuta hadi chini, akapiga stata.
Mia sitini na nane.
Mia na sabini.
Tisini na tano.
Mia sitini na saba.
Nje mwenye mkokoteni wa maji alipita akigonga madebe,
nami nikamshukuru kwa zile kelele.

Iko hila ya zamani: kijiko kimoja cha oili
ndani ya tundu la plagi, kisha zungusha tena.
Kama ni valvu, sindano haina habari.
Kama ni ringi, oili huziba penye aibu
na sindano hupanda.
Ikapanda. Mia arobaini na tano.
Miaka kumi na tisa katika kazi hii,
sijawahi kuiombea sindano ibaki chini.

Usiku nikavua kichwa, nikavua sampu,
nikaisukuma ile pistoni juu kwa mpini wa nyundo.
Ringi ya kwanza vipande vitatu.
Lete tochi. Tazama ncha.
Hapa ilipokatika pana kijivu, pamekwaruza kama sukari.
Lakini ncha zenyewe, zile mbili zinazotazamana,
zinang'aa. Zimegusana, Shabbir.
Chuma kikipata moto hutanuka, huomba nafasi.
Kikinyimwa hujibana ukutani, hukwangua, kisha hukatika.

Mwanya huo hukatwa kwa mkono.
Tupa ndogo, ringi moja moja,
unapima kwa fila ndani ya tundu lake,
unakata tena kidogo, unapima.
Nilikata ya kwanza. Nilikata ya pili.
Ya tatu nilikuwa nayo vidoleni
mamangu alipopiga simu kutoka Kuze,
masufuria ya harusi ya mpwa wangu, nani kayaazima, nani hakuyarudisha,
dakika ishirini.
Niliporudi nikaanza na ya nne.

Mficha uchi hazai.
Ungeniamini kama ningesema ringi zilikuwa bandia.
Bandari hii imejaa bandia, nani angebisha?
Mbodze angejua. Ndiye aliyeyafagia makapi ya chuma usiku ule,
na aliniuliza mbona ni machache.
Nikamwambia asiniulize maswali ya mtoto.

Ukuta umekwaruzika, ukucha waingia.
Itabidi tuchonge zote nne, pistoni za saizi ya juu.
Laki tatu sina. Nina pikipiki, unaijua,
na nina mikono, ambayo sasa pia unaijua.
Safari hii atakata yeye, mimi nishike tochi.

Hiyo simu inayolia ni yangu. Iache.
Sema wewe kwanza.